Dekali za Printa ya Wino: Kuziba, Kukata na Kubandika Hadi Picha Itulie

Wino wa printa nyingi za nyumbani, kwa sehemu kubwa, ni maji. Dekali, yaani picha iliyochapwa kwenye utando mwembamba ili ihamishiwe juu ya kitu kama kikombe au modeli, nayo hubandikwa kwa kulowekwa majini. Ukichapa picha nzuri, ukaikata na kuitumbukiza kwenye bakuli papo hapo, rangi zitaanza kuvuja, mistari itafumuka, na kabla utando haujateleza kutoka kwenye karatasi yake utabaki na doa la rangi mchanganyiko. Kwa hiyo kazi hii huamuliwa kabla ya bakuli la maji kuletwa mezani. Huamuliwa na muda ulioupa wino ukauke, namna ulivyopuliza koti la kwanza la vanishi, na mahali mkasi ulipopita. Kubandika kwenyewe ni kazi ya dakika chache, na mwenye mkono mtulivu huijua haraka. Ndiyo maana mwongozo huu umekaa zaidi kwenye kuziba: huko ndiko dekali nyingi za nyumbani zinakoharibikia.

Karatasi ilivyoundwa

Karatasi ya dekali ya printa ya wino ina matabaka manne. Chini kabisa kuna karatasi inayonyonya maji kwa wepesi. Juu yake kuna gundi inayoyeyuka majini, aghalabu ya jamii ya wanga. Kisha kuna utando mwembamba, angavu au mweupe, na huo ndio dekali yenyewe. Juu kabisa kuna tabaka la kupokea wino, ambalo kazi yake ni kuyashika matone madogo yanayorushwa na printa yasisambae.

Tabaka hilo la juu ndilo linalotofautisha karatasi hii na ile ya printa ya leza. Ukichapa kwa wino kwenye karatasi ya leza, wino hukosa pa kushika, ukajikusanya matone matone na kukataa kukauka. Ukipitisha karatasi ya wino kwenye printa ya leza, joto la ndani linaweza kuyeyusha utando na kuharibu printa. Soma pakiti kabla ya kununua, kwa sababu kwa macho karatasi hizo mbili hufanana.

Jambo la pili la kuamua mapema ni utando angavu au mweupe. Printa ya nyumbani haina wino mweupe. Kila sehemu nyeupe ya picha ni pengo tupu ambalo printa imeliruka. Tena wino wake hupitisha mwanga, kwa hiyo rangi ya kitu kilicho chini huonekana kupitia picha. Njano kwenye utando angavu, ukiibandika juu ya gari dogo la bluu, itaonekana kijani. Juu ya kitu cheusi karibu picha yote itatoweka. Utando angavu basi ni wa vitu vyeupe au vya rangi nyepesi. Kwa kitu cheusi, chekundu au cha rangi nzito, tumia karatasi nyeupe na ukubali kwamba utalazimika kukata kwa kufuata umbo la picha, maana kila milimita ya weupe uliyoiacha itaonekana.

Kupanga na kuchapa

Pima kitu chako kwa milimita, tengeneza picha kwa ukubwa huo huo, na chapa kwa asilimia 100. Programu nyingi hupenda kupunguza picha kidogo ili ienee kwenye ukurasa, na kwa nembo ya sentimita 2 punguzo hilo huonekana. Chapa kwanza kwenye karatasi ya kawaida, kata, uishike juu ya kitu chenyewe. Hatua hii ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa karatasi ya dekali ni ghali na haichapwi mara mbili. Picha iwe na angalau nukta 300 kwa inchi. Maandishi madogo yanafaidika na 600.

Usigeuze picha kinyumenyume. Dekali ya maji hubandikwa ikiwa imetazama juu, vile vile ulivyoichapa.

Zungushia kila picha nafasi tupu ya karibu sentimita 1. Nafasi hiyo itakupa pa kukata na pa kushika. Chapa nakala za ziada za kila dekali, na katika kona ya ukurasa weka vipande vichache vya majaribio: mraba mdogo mweusi, mmoja mwekundu, mmoja wa bluu. Utavihitaji baadaye, zaidi ya unavyodhani.

Kuna mbinu moja kwa karatasi nyeupe inayostahili kuelezwa kwa kituo. Badala ya kuacha picha imezungukwa na weupe, ijazie pembeni rangi inayokaribiana na ya kitu utakachobandika. Ukikata ndani ya rangi hiyo, ukingo hauonekani sana hata mkono ukiyumba. Gharama yake ni kwamba sasa wino unafika hadi kwenye ukingo uliokatwa, na ukingo huo utahitaji kuzibwa tena baada ya kukata. Nitalirudia hilo, maana ndipo maji hupata mlango.

Kwenye mipangilio ya printa, karatasi nyingi za dekali huenda vizuri na chaguo la karatasi ya picha inayong'aa, ubora wa juu. Ukiona wino umetuama na kung'aa kwa unyevu katika sehemu nyeusi, printa imemwaga wino mwingi kuliko karatasi inavyoweza kunywa. Shusha ubora hatua moja au chagua aina nyingine ya karatasi, kisha ujaribu kwenye kipande. Upande wa kuchapa ni ule laini wenye mng'ao. Shika karatasi kwenye kingo tu, kwa sababu mafuta ya vidole hukataa wino na hukataa vanishi pia.

Kukausha

Wino ukitoka kwenye printa huonekana umekauka ndani ya dakika chache. Usiamini. Maji yake huondoka mapema, lakini wino huwa pia na vimiminika vizito vya jamii ya glikoli na gliserini, vinavyowekwa ili usigande ndani ya matundu ya printa, na hivyo huondoka polepole mno. Ukipuliza vanishi juu yake mapema, unavifungia humo. Matokeo yake ni ukungu chini ya vanishi, sehemu zinazobaki laini, au wino unaohamahama siku kadhaa baadaye.

Acha ukurasa umelala bapa mahali pasipo na vumbi kwa saa kadhaa. Usiku mzima ni bora, na picha yenye weusi mwingi naipa siku nzima bila kujadiliana. Usiifunike na karatasi nyingine. Mashine ya kukaushia nywele inaweza kusaidia ikiwa na moto mdogo na ikishikwa mbali, ila joto kali hukunja utando, na utando ukishakunjamana haunyooki tena.

Kuziba wino

Vanishi inayofaa ni ya akriliki, angavu, ya kopo la kupuliza, iliyochanganywa na kiyeyushi badala ya maji. Krylon Crystal Clear ni mojawapo ya zinazojulikana, na ziko nyingine nyingi za aina hiyo. Vanishi ya maji haifai kwa koti la kwanza, kwa kuwa maji yaliyomo ndani yake yatauyeyusha wino uleule unaotaka kuulinda. Brashi nayo iache kando kwa sasa. Hata vanishi iwe sahihi, nywele za brashi huburuta wino ambao bado haujafungwa.

Fanya kazi nje au penye hewa inayopita, mbali na moto, jiko na sigara, kwa sababu gesi na viyeyushi vya makopo haya hushika moto kwa urahisi. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa kemikali. Tumia yenye vichujio vya mvuke. Chagua siku kavu yenye joto la wastani, nyuzi 18 hadi 27 hivi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, viyeyushi vinavyokimbia hupoza uso wa vanishi, unyevu wa hewa hunasa hapo, na vanishi hubaki nyeupe yenye maziwamaziwa. Siku ya mvua kazi hii hungoja.

Bandika ukurasa kwenye kipande cha kadibodi kwa tepu ya karatasi, ukishika kingo zote nne. Vanishi hukaza utando unapokauka, na ukurasa usioshikwa hujikunja kwa ndani. Tikisa kopo kwa dakika moja au mbili kamili. Kisha puliza mara moja au mbili pembeni, hewani, ili tone zito la mwanzo lisiangukie kazi yako.

Sasa koti la kwanza, ambalo ndilo kiini cha mambo yote. Shika kopo umbali wa sentimita 25 hadi 30. Bonyeza ukiwa nje ya ukurasa, pita juu yake kwa mwendo wa haraka na ulionyooka, na uachie ukiwa umeshavuka upande wa pili. Usisimame juu ya picha, usirudi nyuma kuongeza. Kinachotua kinatakiwa kiwe chembechembe tu, mithili ya ukungu wa pumzi kwenye kioo: ukiinamisha ukurasa kwenye mwanga utaona nukta ndogo zisizoungana, na sehemu kubwa ya picha bado itaonekana kavu. Mikono itataka kuendelea hadi uso ung'ae. Izuie. Koti zito la kwanza huleta madhara mawili kwa pamoja: viyeyushi vyake vingi huusogeza wino ukasambaa kwenye mistari myembamba, na huula utando wenyewe ukafanya makunyanzi. Makunyanzi hayo hayana dawa, ukurasa umeharibika.

Subiri dakika 10 hadi 15, kisha puliza la pili, jepesi vile vile, ukipita kwa mwelekeo unaokatiza ule wa kwanza. Ikiwa la kwanza ulipita kutoka kushoto kwenda kulia, la pili pita kutoka juu kwenda chini. Hapo nukta zitaanza kuungana. Kuanzia la tatu wino umeshashikwa, nawe unaweza kuacha koti liwe na unyevu kidogo, la kutosha kuung'arisha uso mara moja kabla halijatulia. Makoti matatu hadi manne huwatosha wengi. Ukizidisha, utando unakuwa mnene, unagoma kufuata mikunjo ya kitu, na ukingo wake unaonekana kwa mbali. Ukipunguza, utachanika mikononi mwako na kuvuja. Kati ya makosa hayo mawili, bora lile la koti moja la ziada: ukingo mnene unaweza kusawazishwa baadaye, wino uliovuja hauwezi.

Ukimaliza, geuza kopo juu chini na ubonyeze mpaka itoke gesi tupu, ili tundu lisizibe. Ukurasa uache usiku kucha kabla ya kuukata. Vanishi isiyokomaa hunata kwenye wembe na huacha alama za vidole.

Jaribu kabla ya kuamini

Vile vipande vya majaribio sasa vina kazi. Kata kile cheusi ukiacha ukingo angavu wa milimita 2 kukizunguka, na chekundu ukikate katikati ya wino kabisa. Vitumbukize vyote kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika moja, kisha viweke juu ya kitambaa cheupe. Kile cha kwanza kinatakiwa kisiache rangi yoyote. Kile cha pili kitakuonyesha maji yanafanya nini yakiupata wino kwa ubavuni. Ukitokea mstari mwembamba wa rangi kwenye ukingo tu, kuziba kumefaulu na tatizo ni ukataji. Rangi ikitoka sehemu ya juu pia, rudi nje ukaongeze koti.

Telezesha kipande kutoka kwenye karatasi yake na ukipinde kwa upole. Kikipasuka kwa ukavu, vanishi uliyotumia ni ngumu mno au umeiweka nene. Kikijikunja na kujishikashika kisiweze kunyooka, ni chembamba mno. Mambo haya yote unayajua ndani ya dakika 5, bila kupoteza dekali hata moja uliyoikusudia.

Kukata

Vanishi imefunika uso wa juu tu. Unapokata, unafungua ubavu, na tabaka la kupokea wino, ambalo limetengenezwa linyonye, sasa linaangalia nje. Ukiwa umekata kwenye utando mtupu usio na wino, maji yakinyonywa hapo hayakuti rangi ya kubeba. Ndiyo sababu ya kuacha ukingo angavu wa milimita 1 hadi 2 kuizunguka picha. Watu hukata karibu mno wakidhani wanapendezesha kazi, kumbe wanaupa wino mlango.

Tumia wembe mpya wa kisu cha ufundi na rula ya chuma kwa mistari iliyonyooka, na mkasi mdogo mkali kwa mviringo, ukizungusha karatasi badala ya mkasi. Pembe kali zikate ziwe za mviringo kidogo, kwa kuwa pembe ndiyo huinuka kwanza.

Kwa dekali nyeupe, au yoyote ambayo wino wake unafika ukingoni, ziba ubavu baada ya kukata. Ilaze kwenye kadibodi na uipulizie koti jepesi zaidi kutoka pande zote nne, kopo likiwa limeinama kiasi ili chembe ziupige ukingo. Iache ikauke tena. Mstari mweupe wa ukingo wenyewe unaweza kupakwa kalamu ya rangi isiyoyeyuka majini, lakini baada ya dekali kubandikwa na kukauka.

Kuandaa sehemu ya kubandikia

Dekali hushika vizuri kwenye uso laini unaong'aa. Rangi isiyong'aa huonekana laini kwa macho, ila kwa kweli ina vijibonde vidogo, na utando hulala juu yake bila kuvijaza. Hewa inayobaki chini hutawanya mwanga, na utaona weupe wa kifedhafedha sehemu zote angavu za dekali. Hakuna vanishi ya juu inayouondoa baadaye. Kama kitu chako ni cha rangi isiyong'aa, au ni mbao, kipake kwanza vanishi ya kung'aa, ikauke kabisa, ubandike, kisha mwishoni ukirudishe kwenye hali ya kutong'aa kwa koti la juu.

Kioo, chuma, kauri na plastiki vioshe kwa sabuni, vifute kwa spiriti, na usiviguse tena kwa vidole.

Kubandika

Weka karibu bakuli la maji safi ya uvuguvugu, kibano chenye ncha butu, brashi laini, sponji au kitambaa kisichoacha nyuzi, na taulo ya karatasi. Zamisha dekali moja moja.

Itajikunja mara tu inapolowa. Usiinyooshe kwa nguvu. Itafunguka yenyewe karatasi ya chini ikishiba maji. Baada ya sekunde 30 hadi 60 itoe na uilaze juu ya taulo ya karatasi kwa dakika moja, maji yakiendelea kuyeyusha gundi kutoka chini. Kuiacha ielee kwenye bakuli mpaka iachane yenyewe na karatasi ni kuipotezea gundi, kwa kuwa gundi hiyo inabaki majini. Ijaribu kwa kuisukuma kidogo kwa kidole chenye unyevu. Ikikataa, isubiri. Ikiteleza yote kwa pamoja, iko tayari.

Lowesha sehemu ya kubandikia kwa tone la maji ili dekali iweze kusogezwa. Peleka karatasi na dekali yake hadi pale pale unapotaka, kisha shikilia dekali kwa brashi na uivute karatasi kutoka chini yake. Mwendo ni huo: karatasi ndiyo inayoondoka, dekali inabaki. Anayejaribu kuinua utando peke yake na kuubeba hewani huishia na utando uliojikunja.

Ukijikunja hata hivyo, usiukwanyue. Urudishe majini, au umwagie maji mengi pale pale ulipo, na uufungue kwa brashi huku unaelea. Haraka ndiyo huuchana.

Ikishakaa mahali pake, gusa kingo kwa kona ya taulo ili inyonye maji, kisha bonyeza kwa sponji yenye unyevu kutoka katikati kuelekea nje. Bonyeza, usisugue. Inamisha kitu kwenye mwanga wa pembeni utafute viputo vya hewa. Vile vidogo hutoka kwa kusukumwa kuelekea ukingo wa karibu. Futa gundi iliyotoka pembeni kwa kitambaa kibichi, kwani ikikauka huacha doa la manjano au weupe.

Kwenye uso uliopinda au wenye mistari ya kuchongwa, kama modeli za ndege na magari, maji matupu hayatoshi. Wanamodeli hutumia vimiminika viwili, na vya kampuni ya Microscale ndivyo vinavyojulikana sana: Micro Set hupakwa chini kabla ya dekali ili ishike, na Micro Sol hupakwa juu baadaye ili kulainisha utando uingie kwenye mifereji. Siki nyeupe iliyochanganywa na maji huweza kufanya sehemu ya kazi ya kile cha kwanza. Hicho cha pili ni kikali, na dekali ya nyumbani ina vanishi ambayo mtengenezaji wa kimiminika hakuijua, hivyo kijaribu kwenye kipande kwanza. Kikifanya kazi, utando utakunjamana kwa muda. Uache hivyo hivyo, usiuguse, utajilaza wenyewe unapokauka. Kwa kuwa utando uliozibwa ni mnene, mara nyingi utahitaji kupaka zaidi ya mara moja, na kukiacha kikauke kila mara.

Kiputo kinachogoma baada ya kukauka kitoboe kwa ncha ya sindano, weka tone la Micro Sol au la maji, kisha kibonyeze.

Koti la juu

Acha dekali ikauke saa 24. Maji yaliyobaki chini yakifungiwa na vanishi hutafuta pa kutokea, na hutokea kwa kuinua ukingo.

Koti la juu hufanya kazi tatu: huzuia mikwaruzo, huficha ukingo, na huzuia unyevu wa kila siku usifike kwenye ule ubavu uliokatwa. Anza tena kwa koti jepesi la kupuliza lenye kiyeyushi, hata kama unakusudia kumalizia na vanishi ya maji kwa brashi. Likishakauka, ubavu umezibwa na hapo brashi haina madhara. Vanishi ya mafuta huelekea kugeuka njano kadiri inavyozeeka, na kwenye kitu cheupe itaonekana. Kitu kitakachokaa juani kipe vanishi yenye kinga ya mionzi ya jua. Jua hupausha wino wa rangi zilizoyeyushwa upesi kuliko wino wa chembe, kwa hiyo ukiwa na uchaguzi wa printa, ya wino wa chembe inafaa zaidi kwa vitu vya nje.

Anayetaka dekali isiyoonekana ukingo kabisa, mathalani nembo kwenye kichwa cha gitaa, huendelea kupuliza makoti mengi membamba hadi vanishi iliyozunguka ipande kuliko unene wa utando. Akishaipa siku kadhaa ikomae, huisugua kwa msasa wa maji namba 800 uliofungwa kwenye kipande cha mbao bapa, kwa mkono mwepesi, akifuta na kutazama kila baada ya misuguo michache. Mwanzoni ukingo wa dekali huonekana kama fremu inayong'aa ndani ya uso uliopauka, kwa sababu msasa haujaifikia vanishi iliyo chini ya kimo cha dekali. Fremu ikipotea, uso umekuwa sawa, na hapo ndipo pa kuacha, maana chini kidogo kuna wino. Humalizia na namba 1500, 2000, kisha dawa ya kung'arisha.

Vikombe, mishumaa na vitu vya moto

Dekali ya wino kwenye kikombe ni pambo la nje. Wino na vanishi hizi hazikutengenezwa zigusane na chakula, kwa hiyo zisiingie ndani wala zisifike kwenye mdomo wa kikombe. Acha angalau sentimita 2 chini ya ukingo. Osha kwa mkono, bila kuloweka, na usiiweke kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Baadhi ya karatasi zimetengenezwa kuchomwa kidogo kwenye oveni ya nyumbani ili zishike zaidi. Kwa hizo fuata maelezo ya pakiti, na tumia moto uliotajwa humo tu.

Tanuri la mfinyanzi ni jambo jingine kabisa. Joto lake huunguza wino wa printa ukaisha wote. Dekali za tanuri huchapwa kwa rangi za madini, na karatasi hii haiwezi kuchukua nafasi yake.

Kwenye mshumaa utando unaweza kushika moto mwali ukiufikia. Bandika kwenye gilasi ya nje inayobeba mshumaa, au kwenye mshumaa mnene unaoungua katikati, mbali na utambi.

Kuhifadhi na kuondoa

Karatasi ambayo haijachapwa ihifadhi bapa ndani ya mfuko uliofungwa, mahali pakavu, kwa sababu unyevu huiamsha gundi kabla ya wakati. Dekali zilizochapwa na kuzibwa hukaa miezi bila shida zikitenganishwa kwa karatasi laini isiyonata, lakini ziandikie tarehe: utando huanza kukakamaa kwa umri, na wa zamani hupasuka ukilowekwa. Kabla ya kutumia wa zamani, loweka kipande cha majaribio cha ukurasa uleule, na ukiona nyufa, puliza koti moja jepesi la akriliki juu ya zilizobaki na uzipe siku nzima.

Dekali iliyokaa vibaya na bado haijapata koti la juu huondolewa kwa kuifunika na kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 au zaidi, kisha kuisukuma kutoka pembeni. Ikiwa imekakamaa, bandika tepu juu yake na uivute taratibu. Ikishapakwa koti la juu, kilichobaki ni msasa, na kwenye kioo ni wembe ulioinamishwa na maji ya sabuni.